Mipira Thelathini na Mmoja Niliyoidaka

Nasra, Papy, mliniomba niwaandikie kuhusu rola ya kushindilia uwanja wa kriketi. Mlisema mzee ameondoka na akili yote ya uwanja kichwani, msimu uko mlangoni na nyasi hazimngoji mtu. Nitawaandikia kuhusu rola. Lakini kuna jambo jingine limenikaa kooni tangu siku ile ya kuniaga, na kwa kuwa nyinyi wawili ndio mlioachiwa banda na mashine, mtalisikia kabla ya kamati ya klabu. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kamati ikitaka kujua kilichomo humu, na iwaombe mtafsiri, tena iwaombe kwa adabu.

Nilianza kazi Jumatatu moja ya Machi, kwenye ile mvua ya Birmingham ambayo hainyeshi na wala haiachi. Nilikuwa nakaa kwa binamu yangu Lozells. Nikapanda basi hadi mjini, nikachukua jingine hadi Kings Heath, nikashuka High Street nimevaa suti. Ndiyo, suti. Kwetu mtu haendi kuripoti kazini siku ya kwanza na nguo za shamba. Clifton, Mjamaika aliyekuwa mkuu wa uwanja, alinitazama kuanzia viatu hadi tai, akaniuliza ni nani tunamzika. Kisha akanipa reki. Suti ile nilikuja kuivaa tena miaka mingi baadaye, na siku hiyo kweli tulikuwa tunazika.

Clifton hakuwa mtu wa maneno. Alivaa glavu zilizokatwa vidole, na mfukoni alikuwa na ufunguo mmoja mkubwa wa chuma, wa zamani, aliokuwa akiuchoma kila asubuhi kwenye pichi, ule ukanda wa katikati anapopigia mpigaji. Ufunguo ukizama hadi shingoni, ardhi ina maji mengi, rola ikae bandani. Ukigoma kuingia kabisa, umechelewa, pichi imekuwa saruji. Ukiingia nusu, ukatoka na udongo kidogo kwenye meno, hapo washa mashine. Siku hizi mna kifaa chenye kioo kinachowaambia unyevu kwa tarakimu. Sawa. Betri ikiisha, tumieni ufunguo.

Na rola, kwa kuwa mmeuliza: anzeni na uzito mdogo, ongezeni taratibu wiki hadi wiki. Pitisheni kwanza kukata pichi, halafu mshazari, mwisho ndipo mfuate urefu wake. Mwendo uwe wa mtu anayetoka kanisani. Na msiisimamishe kamwe katikati ya pichi, hata simu ikilia, hata mwenyekiti akiwapungia mkono. Ikisimama dakika moja tu inaacha bonde, na mpira ukipiga bonde lile unamrukia mtu menoni. Papy, wewe una tabia ya kusimamisha mashine ili uongee. Nimekuona.

Sasa nije kwenye mikono yangu. Baba yangu alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja ya Wahindi huko Nairobi, na sisi watoto wa wafanyakazi tulikulia kwenye vyumba vya nyuma, tukiokota mipira ya wanaofanya mazoezi. Kila mtoto wa mwenye klabu alitaka kushika gongo. Hakuna aliyetaka kusimama pale karibu kabisa na mpigaji, hatua tatu tu, mahali ambapo mpira unakujia kama jiwe na huna muda wa kufumba jicho. Kwa hiyo palikuwa pangu. Nilijifunza kutotazama mpira hewani, nitazame ukingo wa gongo. Nilijifunza kuipa mikono ruhusa iende yenyewe. Vidole vyangu viwili havinyooki mpaka leo, na sijutii hata kimoja.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu, Jumamosi, mchezaji wetu mmoja akateguka kifundo cha mguu. Kapteni wakati huo alikuwa Gerald, huyu huyu mwenyekiti wenu wa leo, kijana mwenye nywele. Alipiga mluzi kuelekea bandani.

"Wewe! Unaweza kukimbia?"

"Naweza kudaka," nikamjibu.

Alicheka. Akaniazima viatu, nikaingia. Papy, ulipotoka Bukavu hukujua kriketi ni mnyama gani, na nilikueleza hivi: mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, na ukiudaka mpira kabla haujagusa chini, mpigaji ameondoka. Mchezaji akiumia, mtu wa akiba anaingia badala yake. Haruhusiwi kupiga wala kurusha, anaruhusiwa kudaka tu. Basi siku ile nikasimama pale pangu, hatua tatu, na mpira wa nne wa Gerald uligusa ukingo wa gongo ukaingia mkononi mwangu. Watu wakapiga makofi. Gerald akanikumbatia. Nikarudi kwenye maturubai yangu nikiwa na furaha ya mtu aliyeoa.

Wakati wa chai nikapita kwenye meza ya Bi Maureen, aliyekuwa akiandika kitabu cha alama, ili nijione. Kitabuni, mpigaji akidakwa, huandikwa jina la aliyedaka na jina la aliyerusha, pamoja. La Gerald lilikuwepo. Mahali pangu paliandikwa "sub". Herufi tatu.

"Ni desturi, mpenzi," akasema Bi Maureen bila ubaya wowote. "Mtu wa akiba haandikwi jina."

Nilimwambia Clifton nikitegemea akasirike pamoja nami. Alinipeleka nyuma ya mlango wa banda, pale tunapotundika reki, akanionyesha mikato ya kisu kwenye mbao, mingi, imepangwa safu kwa safu. Kila mkato ni mpira aliowahi kudaka kwa niaba ya klabu akiwa mtu wa akiba, kabla magoti hayajamkatalia. Arobaini na kitu.

"Kitabu changu hiki," akasema. "Chukua upande ule wa pili."

Nikachukua. Lakini mimi ni mtoto wa mwalimu wa Sunday school kwa upande wa mama, sikuridhika na mikato mitupu. Nilikuwa naandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: tarehe, jina la mpigaji, jina la mrushaji. Mmeliona andiko lile. Nasra aliwahi kuniuliza kama ni orodha ya mbegu.

Miaka ikaenda. Sitawachosha na mambo ya vyeo, maana mtunza uwanja ana vyeo viwili tu, wa chini na wa juu, na tofauti yake ni nani analaumiwa mvua ikinyesha. Nilikausha pichi kwa mablanketi. Nilipambana na mbweha aliyechimba shimo mahali pa mrushaji usiku wa kuamkia fainali, na nikaliziba kwa udongo, maji na nyundo ya mbao, wapigaji wasijue. Na kila mtu alipoumia, au alipochelewa, au mke wake alipojifungua, mluzi ulilia kuelekea bandani. Nikaingia, nikadaka, nikatoka. Kumi na mmoja kati ya mipira yangu ilirushwa na Gerald. Picha yake imetundikwa ukutani pale karibu na baa, chini yake pameandikwa ni wapigaji wangapi aliwatoa. Kila nilipopita na ndoo nilikuwa naitazama picha ile na kujiambia: kumi na mmoja kati ya hao niliwatoa mimi, bwana, wewe ulirusha tu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikuwa nacheza kwao.

Sasa niwaeleze ile Jumamosi ambayo watu wa klabu hawachoki kuisimulia, kwa sababu wanaisimulia vibaya. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, na tukishinda, kombe ni letu. Wageni walifika wakiwa na upungufu wa mtu mmoja, gari lake limekufa barabarani. Mnajua desturi: mwenyeji huwaazima wageni mdakaji. Ni heshima, mgeni njoo mwenyeji apone. Gerald mwenyewe, kwa mdomo wake, akawaambia, "Mchukueni Wafula, hana kazi."

Hana kazi! Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja kuipiga pasi pichi hiyo.

Kapteni wa wageni akaniuliza nasimama wapi. Nikamwambia karibu. Tulicheza mchana wote, na jua likielekea magharibi Gerald bado alikuwa na gongo mkononi, na alama tisini na sita peke yake. Hakuwahi kufika mia maishani mwake. Klabu ilihitaji alama tano, na kila mtu alikuwa amesimama. Nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeinama, naona ukingo wa gongo lake.

Mpira ukaja, akausukuma kidogo, ukagusa ukingo, na nilipojitambua nilikuwa nimelala kifudifudi na mpira umo kwenye kiganja cha kushoto.

Watu huniuliza kama sikuweza kuuachia. Ningeweza. Mtu aliyedaka tangu akiwa na miaka saba anajua jinsi ya kuuachia mpira ionekane bahati mbaya. Lakini mikono haina klabu. Na mtu anayedaka kwa upande unaomlipa na kuangusha kwa upande aliokopeshwa, huyo si mdakaji, ni mwizi. Baba yangu angenichapa kutoka kaburini. Aliyemfuata Gerald, mpigaji wetu wa mwisho, akatolewa mara moja, na kombe likaondoka na wageni.

Gerald alinipita akielekea kwenye jengo, akasimama.

"Umesahau uko upande gani?"

"Upande nilionao leo umenipa wewe mwenyewe," nikamwambia.

Akaingia ndani. Lakini nusu saa baadaye nikiwa nafunika pichi, nikamwona Bi Maureen anakuja bandani na kitabu kifuani. Tangu nimjue hakuwahi kukanyaga banda lile.

"Simon," akasema, "jina lako la ukoo linaandikwaje?"

Mjinga mimi, nilifurahi. Nilimtajia herufi moja moja, naye akaandika kwa wino, polepole, kwa mwandiko wake mzuri. Nikamuuliza kama basi desturi imebadilika, kama sasa watu wa akiba tutaandikwa. Akainamisha uso.

"Gerald ameagiza. Anasema wajukuu wake wajue ni nani aliyemnyima mia yake."

Nilisimama pale na turubai mkononi. Sijawahi kukasirika vile, na nimewahi kuibiwa gari. Mipira yote niliyowadakia wao, sina jina. Mmoja nilioudaka dhidi yao, nina jina, tena kamili, tena kwa wino. Asante ya punda ni mateke, lakini angalau punda hakuulizi kwanza jina lako linaandikwaje.

Clifton alistaafu, na miaka michache baadaye akafariki. Nilivaa ile suti. Baada ya mazishi, kwenye ukumbi, binti yake alinijia na sahani ya wali na kuniuliza, "Baba alikuwa akisema amewahi kuichezea klabu ile. Ni kweli, au ni hadithi za wazee?" Nikamwambia ni kweli, tena alidaka kuliko wengi. Akauliza kama kuna mahali anaweza kupaona, awaonyeshe watoto. Nilikuwa na nini cha kumwonyesha? Mlango. Mikato isiyo na tarehe wala majina. Mtu hawezi kuchukua mikato arobaini na kuioanisha na herufi tatu zilizotapakaa vitabuni, ambazo zinaweza kuwa za Clifton, au za mpishi, au za yeyote aliyekuwa na viatu siku ile. Nilimwambia nitatafuta. Nilimdanganya mfiwa, na jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Basi tufike siku ya kuniaga, ambayo nyinyi mlikuwepo. Mliona chakula, mliona kijitabu cha historia ya klabu walichotugawia. Fungueni ukurasa wangu. Picha ni ya rola. Mimi nimekatwa kuanzia begani. Kisha Gerald akasimama na glasi yake akasema, "Simon hakutuangusha hata siku moja, isipokuwa Jumamosi ile moja!" Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, kwa sababu mtu akiagwa hucheka. Jikoni ndipo nilipowamwagia nyinyi yote. Nakumbuka Papy aliweka sambusa chini.

"Papa Wafula, balikuandika mara moja tu? Ile moja ya mubaya? C'est pas possible, haiwezekani!"

"Mzee, wacha kukaa na hii kitu," Nasra akasema. "Wa-email committee. Waambie wa-update records. Uko na dates zote pale kwa mlango, si ni evidence?"

Nikafuata ushauri wa Nasra. Nilinakili mlango wote kwenye daftari, nikaandika barua ya heshima, nikaomba mambo mawili: mipira yangu thelathini na mmoja iandikwe jina, na mahali fulani kitabuni paandikwe kwamba Clifton naye alidaka. Nilisema niko tayari kukaa na yeyote na kumwonyesha ukurasa kwa ukurasa. Gerald alinipigia simu mwenyewe, sauti ya upole, ile ya kumwongelesha mgonjwa.

"Simon, kitabu kikishafungwa hakifunguliwi. Mtu wa akiba ni mtu wa akiba. Ndivyo mchezo ulivyo."

"Nionyeshe sheria inayokataza jina."

"Si sheria, ni desturi."

"Basi ile Jumamosi desturi ilikuwa wapi?"

Akasema ile ilikuwa mzaha tu, na kwamba vitabu vyote vinapigwa picha mwezi huu viwekwe kwenye mtandao, kwa hiyo haifai kuvigusa sasa. Alidhani ananituliza. Nilichosikia mimi ni kwamba yaliyomo yataoneshwa dunia nzima, na wajukuu zangu wakilitafuta jina la babu yao watalikuta mahali pamoja tu, pale alipoharibu sherehe ya watu.

Mmeliona tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa jengo, kwamba kuna mtu ameharibu kumbukumbu za klabu kwa kalamu nyeusi, na anayemjua amtaje. Nimesikia pia kwamba Nasra aliitwa akaulizwa. Msihojiwe kwa ajili yangu. Nendeni mkamwambie Gerald hivi: ni Wafula. Alikuja Jumanne saa nne asubuhi, mchana kweupe, akasalimia wasafishaji, akapanda stoo ya juu vinapokaa vitabu vya alama. Ule ufunguo wa Clifton wa kupimia pichi, alioniachia, ndio ufunguo wa stoo ile, na kwa miaka yote hiyo kamati haikuwahi kuuliza. Alikaa na daftari lake na kalamu ya wino hadi saa nane. Hakufuta neno la mtu. Kila alipoikuta tarehe yake, na mpigaji wake, na mrushaji wake, aliandika kando ya zile herufi tatu, kwa mwandiko wa kusomeka: Wafula. Mara thelathini na moja, kumi na moja kati yake zikiwa karibu kabisa na jina la mwenyekiti. Na kwenye jalada la ndani la kitabu cha zamani kuliko vyote aliandika: Nyingine nyingi humu ni za Clifton. Tazameni mlango wa banda.

Kwa hiyo mlango ule usipakwe rangi, hata wakiwapa kopo na brashi. Na siku mluzi utakapolia kuelekea bandani, kwa sababu utalia, wekeni vifaa chini, piteni kwanza kwenye meza ya kitabu, mtaje majina yenu, mngoje mpaka yaandikwe. Mechi itasubiri. Mwamuzi akinung'unika, mwambieni mnafuata desturi.

Ufunguo nimeuweka ndani ya bahasha hii, ni wenu sasa. Kamati ikitaka kunifukuza kazi, imechelewa. Ikitaka kuyafuta majina, na ijue nilitumia wino ule ule aliotumia Bi Maureen, na kwamba kuna moja sikuligusa, kwa sababu lile waliliandika wao wenyewe.